Kwenye Mifuko Yetu Inaendaka

Ku nyumba yangu mufuko haikuwaka takataka hata siku moja. Bunga ikiisha, nabeba mufuko inje, naipiga ku ukuta mpaka vumbi yote itoke, naigeuza, naikunja, naiweka yulu ya ingine nyuma ya mulango ya jikoni. Ya muchele vile vile. Ya sukari, ya chumvi, ya chakula ya kuku. Yenye iko na tundu, nashona kiraka. Yenye haiwezi tena kubeba kiraka, nayo inangojea na ingine, juu hata hiyo iko na mwenye kuichukua.

Mwenye kuichukua alikuwa mama moja wa parokia yetu. Tulisoma naye masomo ya mangaribi, ile ya bamama benye ndoa ilibakuta mbele shule iishe. Alikuwa anaketi nyuma yangu, na kila mara mwalimu akinisimamisha nisome, yee ananidunga na kalamu mu mugongo, ananinong'oneza jibu, na jibu yake ilikuwa ya uongo kila siku. Tukapendana vile. Mi namuita dada, naye ananiita dada, na mu kundi ya maombi ya bamama tunaketi pamoja.

Mwanzo wa juma alikuwa anapita mu kartie, mutaa yetu, na pusupusu yake, ile gari ya kusukuma na mikono, anaita:

"Mifuko ya zamani! Mifuko ya kupasuka! Mifuko yenye bwana yake aliacha!"

"Na mi mwenye bwana yangu aliniacha, utanichukua?" jirani moja akajibu kutoka mu lupango, uwanja ya nyumba yake.

"We uko muzito, mama. Pusupusu itavunjika."

Bote banacheka, na kila moja anatoka na mifuko yake. Hatukuwa tunauzishana. Unamupa mifuko, na kisha ya muda anakuletea bashi. Bashi ni mifuko yenye balipasua, bakaifungua, bakaishona moja ku ingine, mara mbili-mbili, mpaka inakuwa kubwa sawa chumba. Unaweza kuivuta ku majiwe haipasuke. Yulu yake tunaanika mahindi, tunaanika mihogo, tunaanika samaki ndogo. Mutu akikufa, ku kilio njo batu banaketi pale. Batoto banalala pale muchana kukiwa joto. Bamama ba kartie yetu tulikuwa tunasema mifuko yetu inaenda kutembea, inarudi bashi. Hakuna mwenye aliulizaka inapita wapi mbele ya kurudi.

Ule mwaka, mwanzo wa musimu ya baridi, binti yangu alikuya ku nyumba na tumbo. Anakaaka na bwana yake kule Manika, upande ingine ya muji, lakini kwetu mutoto wa kwanza anazaliwaka kwa mama ya mwanamuke. Bwana yake alimuleta na valizi ya nguo, na kuku, na soda ya kunikaribisha nayo ku nyumba yangu mwenyewe, akaniambia, "Mama, ninakurudishia mwana yako. Ukinirudishia babili, nitafurahi." Kijana muzuri, anaogopa Mungu. Lakini nilimuona hataki kuachilia ile valizi, na nilijua juu ya nini. Mimba yao ya mbele ilitoka hata haijaanza kuonekana muzuri. Hii ya pili ilikuwa imefika mbali. Inacheza. Ukiweka mukono unasikia kisigino.

Mi nilipiga magoti siku ile ile, nikamuambia Mungu: hii, uniachie.

Kazi ya mama ya mwanamuke ni bunga ya kizazi. Si bunga ya ku soko. Ni mihogo yenye we mwenyewe uling'oa, ukaloweka, ukamenya, ukaanika, juu mutu akisha kuzala anakula bukari yake, ugali ya ile bunga, mpaka maziwa ikuye, na hautaki maziwa ya mujukuu yako itoke mu kitu yenye haujui. Nililima shamba yangu kwa hiyo. Niling'oa mihogo, nikailoweka mu pipa, na ilipolainika nikaitandaza ku bashi mupya, yenye dada alisha kuniletea juma ile. Jua ya baridi inakausha polepole. Ku barabara, makamyo ya majiwe inapita kutwa, na vumbi inakuya kuketi yulu ya kila kitu, rangi ya kahawia, mu nywele, mu chai. Hiyo tulisha kuizoea. Vumbi ya barabara unaipuliza inaenda.

Mihogo ikikauka polepole inaotaka kuvu nyeusi. Hiyo kila mwanamuke wa huku anaijua. Unapangusa na kisu, unaendelea na kazi. Basi nilipoona nyeusi chini ya bipande, upande yenye inagusa bashi, sikufikiria kitu. Nikapangusa, nikasaga ya mbele-mbele, nikapika.

"Ma," binti yangu akasema, akaacha kutafuna. "Unatukulisha barabara?"

"Kula. Ni mashini ya kusaga, jiwe yake imezeeka."

"Basi mwenye mashini atulipe. Shi njo tunamusagia jiwe na meno."

Tukacheka. Bwana yangu akacheka mpaka akakohoa. Tukakula yote, na kesho yake pia.

Na kulikuwa kitu ingine. Mwanamuke mwenye mimba anakuwaka na tamaa. Bengine banakula pemba, ile bulongo nyeupe banauzishaka ku soko, bengine makala, ile makaa ya kupikia. Binti yangu alikuwa anatamani mihogo mukavu. Alikuwa anapita pembeni ya bashi, anainama na ile tumbo yake, anashika kipande, anaitafuna sawa biskiti. Na hakuchagua ile nyeupe. Alichagua ile yenye iko na rangi.

"Juu ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Iko na kachumvi, ma. Iko na ladha."

Mi nikafurahi. Kwetu, mutoto wa ndani akiomba, anapewa. Nikamuchagulia mi mwenyewe ile yenye rangi, nikamuwekea ku sahani.

Asubui moja nikasema nisukule mihogo yenye ilibakia mbele ya kuisaga, juu meno yangu pia ilianza kulalamika. Nikaitia mu beseni, nikamwanga mayi, nikasugua. Kuvu inaelea. Mwanamuke yeyote atakuambia: ukisukula mihogo, kuvu inapanda juu, unaimwanga na mayi. Ile nyeusi haikupanda. Ilishuka. Ilikaa chini ya beseni, mustari moja mwembamba, inang'aa kidogo.

Mbele ya kuolewa, mi nilisukulaka majiwe ya mugodi ku muto na bamama bengine. Unatia bulongo mu beseni, unatia mayi, unazungusha, unainamisha. Bulongo inaondoka, na ile yenye bachuuzi banatafuta inabakia, muzito, haina haraka. Sijafanya ile kazi tangu niko msichana. Lakini mikono yangu ilianza kuzungusha ile beseni mbele mi mwenyewe nikubali. Nikainamisha. Mayi ikatoka. Nyeusi ikabakia, ikateleza polepole ku upande, vile inatelezaka.

Binti yangu alikuwa ameketi ku jua, anatafuna.

"Acha hiyo," nikamuambia.

"Ma?"

"Acha. Niletee sahani."

Alinitazama, akaona uso yangu, akaleta sahani.  

Mu juma ile kulikuwa siku yake ya kwenda ku lopitali kupimwa mimba. Nikaenda naye. Munganga ya bamama, mwanamuke wa umri yangu, mwenye miwani na sauti ya chini, alipima tumbo, akasikiliza moyo ya mutoto, akasema inapiga muzuri. Kisha akauliza sawa mutu anauliza habari ya mvua:

"Ku nyumba kuko mutu anachimbaka?"

"Hapana," nikasema. "Bwana yangu anajengaka. Bwana yake anauzishaka simu."

"Hakuna mwenye kuleta majiwe ku lupango? Hakuna mwenye kusaga, kusukula?"

"Hapana, mama."

"Muzuri," akasema, akaandika. Lakini hakutabasamu. Wakati binti yangu anavaa biatu, nilimukaribia, nikamuuliza chini-chini juu ya nini anauliza vile. Alifunga mulango kidogo na muguu.

"Mama, tunauliza bote siku hizi. Kuko batoto banazaliwa, tunabaangalia, hatujui tuseme nini. Bengine ni hivi tu, Mungu mwenyewe anajua. Lakini tukiuliza, mara mingi, majiwe iko mu nyumba."

Mu kartie yetu kulikuwa mama mwenye alizala mwaka ya mbele, na batu habakuitwa kuona mutoto. Tulienda kumusalimia, akatupokea inje ya mulango. Kisha tulisikia kilio ya ule mutoto, na batu habakulala pale: balimuzika siku ile ile. Mi niliwaza ule mama njia yote mu basi, na binti yangu pembeni yangu, mukono yulu ya tumbo, analala.

Kesho yake mi nilimungojea dada na pusupusu yake, nikamuambia leo naenda naye.

"Uende kuona nini, dada? Hakuna harusi kule."

"Nataka kuona mifuko inaenda wapi."

Alinitazama, akacheka, akaona sicheki. "Basi sukuma," akasema. "Kama unakuya bure, utasukuma."

Tukasukuma. Nyuma ya soko kuko kiwanja, pale bamama ba kila kartie banaleta yenye balikusanya. Banachagua: mizima huku, yenye kupasuka kule. Bana maneno bale bamama! Banamuuliza dada ule mufanyakazi mupya alimupata wapi, mbona anasukuma sawa bibi harusi. Ile ya kupasuka inawekwa pembeni. Ile mizima inafungwa mafungu, na bakrezeri, bale banachimbaka majiwe kwa mikono, banatuma mutu kuichukua na kamyo. Dada akapanda kamyo, na mi nikapanda, tukaketi yulu ya mifuko ya ku nyumba za batu. Ilikuwa inanukia bunga. Ilikuwa inanukia ku nyumba.

Sijakuwa kule tangu zamani, na haikuwa tena yenye nilijua. Kilima ilikuwa imeondoka. Pale ilikuwa, kulikuwa tundu, na mu tundu kuko matundu ingine, na batu banatoka ndani sawa balisha kuzikwa. Mifuko yetu inashuka mikunjo, myeupe. Inapanda imejaa, inadondoka mayi nyeusi, imefungwa yulu ya kinga, baiskeli ya kusukuma, na mwenye kusukuma kinga haonekane uso. Inaenda mpaka ku depo ya banunuzi ba majiwe, banapima, banamwanga majiwe, banatupa mufuko. Nyuma ya ile depo kuko mulima ya mifuko ya kutupwa. Na pale njo dada anaanza kazi yake ya pili, yenye sikujua.

Yee na benzake banabeba ile mifuko, banaipeleka ku muto.

Bamama balikuwa ndani ya mayi mpaka magoti, banapiga mifuko ku jiwe. Upande ya yulu mayi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Pale bamama balisimama ilikuwa nyeusi. Chini yake, kule inaendelea, ilikuwa na rangi yenye sina jina yake, na ukingo haikuwa na majani. Harufu ilikuwa ya misumari. Hakuna chura yenye ililia. Mifuko yenye ilisukulwa inaanikwa ku majani yenye ilikufa, na chini ya mabati kuko banaume benye sindano ndefu, banashona. Yenye kupasuka inakuwa bashi. Yenye kubakia muzima inaenda upande ingine.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ya batu ba makala," dada akasema. "Na ya batu ba bunga."

"Bunga gani?"

"Bunga, dada. Bunga ya kukula. Balikuwa hapa asubui, bale banaenda kujaza kule Lubudi, banarudisha na treni. Mufuko mupya iko bei. Hii iko nguvu, na iko safi, si unaona tunasukula?"

Nikainama ku mafungu ya batu ba bunga. Mufuko ya yulu ilikuwa na kiraka. Kitambaa ya kijani, maua meupe, nilikata mu kikwembe, kitenge yangu ya kwaya, wakati ilichakaa. Niliishona mi mwenyewe, na ile mushono yangu ya kurudia-rudia yenye dada ananichekeaka. Ilikuwa imetoka jikoni kwangu, imeingia mu tundu, imetoka, imesukulwa, na sasa inangojea kujazwa bunga. Kiraka ilikuwa safi. Lakini mu mushono, kati ya uzi na uzi, kulikuwa nyeusi, na nilipoipitisha kidole, kidole ikang'aa.

Sikuomba kwa sauti. Nilisema jina ya Yesu mu moyo, mara na mara, sawa mutu anashika ukuta mu giza.

Ku kurudi tulitembea kidogo mbele ya kupata kamyo. Nikamuambia dada yote: beseni, mihogo, munganga, binti. Alinisikiliza, akatembea mbio kunishinda, kisha akasimama.

"Kwa hivyo mi nilikupa sumu."

"Sikusema vile."

"Unasema vile. Dada, tangu lini tunakula ku bashi hii? Mi batoto yangu balilala pale. Harusi ya binti yako, mihogo yote ilikauka ku bashi yangu, batu balikula, balicheza mpaka asubui. Tulikufa?"

"Sijue kama tulikufa. Sijue kama tunakufa."

"Aa! Sasa umekuwa nabii." Akapiga makofi moja. Kisha sauti yake ikashuka. "Wataka nifanye nini? Nikusanye upepo? Bwana yangu amelala tangu mugodi ilimuangukia. Hii mifuko njo inatukulisha."

"Najua."

"Basi kama unajua, usiniangalie na ile macho."

Sikuwa na macho ingine. Nilimushika mukono. Ulikuwa mukavu, ngozi ya bidole imepasuka-pasuka, na mu kila mupasuko kulikuwa mustari nyeusi yenye sabuni haitoi. Miaka yote tunashikana mikono mu maombi, na sikuwahi kuangalia. Hakutoa mukono yake. Tulifika ku barabara vile vile.

Ku nyumba bunga ya kizazi, ile nilisaga mbele ya siku ya beseni, ilikuwa tayari mu pipa, imefunikwa, nyeupe ya kuangalia raha. Kutupa chakula ni zambi, hivyo njo mama yangu alinifundisha na hivyo njo nilifundisha batoto yangu. Nikasema nitaipa kuku. Nikawaza kuku tunaikula, mayai tunaikula. Nikasema nitaimwanga ku shimo ya takataka. Nikawaza asubui kuko mama atapita, ataona bunga nzuri imetupwa, ataiokota na shukrani. Nikachukua jembe, nikachimba nyuma ya choo, chini sana, nikaizika, na mihogo yenye ilibakia pia. Bashi nayo nikaikata bipande, nikaizika pale, juu kama ningeiacha nzima ingerudi ku pusupusu. Nilikuwa na haya mbele ya Mungu. Nilimuambia: we unaona ni nini iko ndani, mi sioni muzuri, unisamehe kama nakosea.

Binti yangu alinikuta hapo, jembe mu mukono, bunga ku miguu.

"Ma, ile si bunga ya mutoto?"

"Njo yenyewe."

Nikamuambia. Nilijaribu kumuambia polepole, kwa maneno ya kuzunguka, lakini yee si mujinga. Alisikiliza mpaka mwisho. Mukono yake ilishuka ku tumbo, ikakaa pale.

"Na ile nilisha kukula?" akauliza.

  Nilimukumbatia na ile mikono ya bulongo, na tumbo yake ilikuwa kati yetu, na mutoto akapiga teke, yenye nguvu, mpaka shi bote babili tukaisikia.

"Anacheza," akasema.

"Anacheza," nikasema.

Tangu ile siku sikusaga tena. Ku soko nilipita ku meza ya bunga moja kwa moja, naomba ruhusa, nageuza mufuko, naangalia mushono. Bauzishaji banakasirika. "Mama, unanunua bunga ao unanunua mufuko?" Moja akanifukuza mbele ya batu. Bunga ya Lubudi, bunga ya Kasaji, bunga yenye ilivuka mupaka, mara nyingi mufuko ilikuwa yenye ilisha kushonwa tena. Basi tulikula mihogo mubichi ya kuchemusha, yenye ilitoka ku bulongo yangu asubui ile, na sombe ya majani yake, na bilazi. Bwana yangu alinung'unika anataka bukari. Binti yangu alikula kila kitu nilimupa, na hakuomba tena mihogo mukavu. Lakini nilimuona mara mingi anasimama pale bashi ilikuwaka, anaangalia chini, anameza mate.

Bwana yake alikuya kila siku ya Mungu kisha ya misa. Hatukumuambia. Binti yangu njo aliomba tusimuambie. "Atalia, ma. Na mi siwezi kubeba batu babili."

Dada aliacha kupita ku barabara yetu. Anapita ile ingine, nasikia sauti yake mbali, anaita mifuko yenye bwana yake aliacha, na bamama kule banacheka. Mu kundi ya maombi tuliketi bado pamoja, lakini kulikuwa nafasi ya mutu moja kati yetu, na hakuna mwenye aliijaza. Niliongea na bale bamama bengine. Nilibaambia basukule mihogo, baangalie chini ya beseni. Bengine baliangalia, bakaona. Moja akaniambia, "Asante, mama, lakini kesho tutakula nini?" Kisha nikaona bashi yake imetandazwa sawa kila siku, na mahindi yulu yake.

Mvua ya kwanza ilikuya na uchungu ya binti yangu. Nilikuwa naye ku lopitali, nilimushika mabega. Alizala msichana. Alilia mara moja, na sauti yake ilikuwa nzuri, na mi nikaanza kuimba hata sijaona kitu. Munganga mwenye miwani alimupokea, akamupangusa, akamugeuza, akaangalia mugongo. Akaangalia kinwa. Akapitisha kidole gumba chini ya miguu, moja, kisha ingine, kisha ile ya kwanza tena. Mi niliacha kuimba.

"Yote iko," akasema. "Ni mudogo kidogo. Yote iko." Akamufunika. Kisha akaniangalia yulu ya miwani. "Mama, kila mwezi mutaniletea yee. Hata kama hana ugonjwa. Munasikia? Kila mwezi."

"Juu ya nini?"

"Nataka kumuona," akasema, akatoka.

Tunamuletea kila mwezi. Anampima kichwa, anampima uzito, anampiga-piga ku goti, anaandika. Siku moja nilimuambia mambo ya mifuko. Alisikiliza, akasema hakuna mashini hapa yenye inaweza kumuambia kama ni hiyo, kwa hivyo hawezi kusema ni hiyo, na hawezi kusema si hiyo. Ni mwanamuke wa ukweli. Mi pia sisemi. Nasema tu nilichagulia mimba ya binti yangu bipande yenye rangi, nikamuwekea ku sahani, kwa upendo.

Mutoto anacheka. Anajua sauti yangu, anageuka. Batoto ba kartie benye balizaliwa naye mu mvua ile ile balisha kuketi, bengine banatambaa, banakula bulongo, bamama yabo banabakimbilia. Wetu bado. Binti yangu anasema kila mutoto iko na wakati yake, na akisema hivyo anaangalia upande ingine. Bwana yake anamubeba ku mabega, anamutania, "Bibi mudogo wa baba, mulemavu wa uvivu," na mi natoka inje.

Asubui kila siku, kisha ya sala, natandaza kikwembe ku sakafu, namuketisha. Namushika ku mbavu na mikono mbili. Namuimbia kawimbo, namuangalia mu macho, nangojea mugongo yake ikuwe nguvu. Kisha natoa mukono moja. Kisha natoa ingine, polepole, lakini siiweke mbali.

Leo alikaa. Alikaa kidogo, akaangalia mulango, akafungua kinwa sawa mutu anataka kusema kitu. Halafu akaanza kuinama upande ya kushoto, na mi nikamushika.